Taarifa Iliyofika Kabla ya Tope

Huku kwetu San Bartolo, chini ya volkano, mwanamke husikiliza mlima kabla hajawasha moto. Mlima ukinguruma, anashukuru. Ukinyamaza, anaogopa. Ndivyo tulivyolelewa. Mlima unaonguruma unapumua. Mlima ulionyamaza umebana pumzi, na hujui utaiachia lini.

Mimi ni Eusebia. Nilisoma shule ya msingi tu, kisha nikaolewa na Macario. Alfajiri napeleka beseni langu la mahindi kwenye mashine ya kusaga. Nikirudi nakanda unga, nakaanga tortilya, mikate yetu myembamba ya mahindi, nauza njia panda pamoja na maharage na pilipili. Wateja wangu ni madereva wa malori ya mchanga. Mama mkwe wangu, Mama Petronila, hukaa karibu na moto akigeuza tortilya kwa vidole bila kuungua.

Macario anachimba mchanga korongoni. Korongo letu linaitwa Ceniza. Linaanzia juu kabisa mlimani na linapita nyuma ya nyumba zetu. Mvua ikinyesha kileleni, majivu yaliyolala mgongoni mwa mlima hulowa na kuteleza. Hubeba mawe makubwa kama vibanda na kushuka nayo. Sisi tunayaita tope. Lakini si tope la kuchafua viatu, ni tope la kung'oa daraja.

Likishapita, huacha mchanga mpya, mweusi, safi. Mafundi wa mjini wanaupenda. Kwa hiyo wanaume wa hapa hawakimbii mbali. Hukaa ukingoni, hungoja tope lipite, kisha huteremka mbio. Kila mmoja husimamisha koleo lake mchangani na kulivika kofia. Koleo lenye kofia maana yake mahali hapo pana mwenyewe, na hakuna atakayeligusa. Tena wana imani waliyoirithi kwa baba zao. Korongo likishakula asubuhi, limeshiba. Halili tena siku hiyo.

Mimi niliikuta imani hiyo nilipoolewa. Sikuipinga, nani angenisikiliza? Ila kila Macario alipoteremka, nilitega sikio mpaka nisikie buti zake uani.

Tuliponunua simu nilidhani hofu itapungua. Iliongezeka.

Kijiji kina kundi la simu la kupeana habari. Mwanzoni mwa masika ilikuja sauti ya mwanamke analia. Alisema kilele kimepasuka, watu wakimbie. Tulikimbia wote. Mama Petronila alitoka bila viatu, amekumbatia bata mzinga wake. Tulisimama barabara kuu mpaka miguu ikauma. Baadaye tukajua kwamba sauti ile ilirekodiwa zamani, tena kwenye mlima mwingine, katika nchi nyingine. Mtu aliisambaza kwa huruma, mwingine akaisambaza kwa woga, ikatufikia.

Halafu ikaja picha ya moshi, na yenyewe ilikuwa ya zamani. Tulikimbia tena, lakini tuliokimbia tulikuwa wachache. Wenceslao, mdogo wake Macario, ambaye ana lori, alinipachika jina la mkimbizi. Kila akinunua tortilya ananiuliza kama leo nimeshafunga mizigo.

Nikasema basi, nitafuata taasisi yenyewe inayochunguza volkano. Ina ukurasa wake kwenye mtandao wa kijamii. Siku moja nikafungua simu, nikaona juu kabisa tangazo lao kwamba tope linashuka Ceniza. Sikumaliza kusoma. Nilikimbia mpaka ukingoni nikawaita wanaume. Wakapanda, wakangoja, jua likawachoma. Hakuna kilichoshuka. Wenceslao alichukua simu yangu, akatazama, akacheka mpaka akakaa chini. Tangazo lilikuwa la jana. Watu wengi walikuwa wamelipenda na kuliandikia maneno, kwa hiyo mtandao uliliweka mbele kama habari motomoto.

Usiku ule Macario hakunigombeza. Alisema tu, kwa upole, nisimletee tena maneno ya simu mbele ya wenzake. Upole huo uliniumiza kuliko kugombezwa.

Haikupita muda mrefu. Mchana mmoja nilikuwa nakanda unga, nikasikia mtetemo kwenye nyayo. Vikombe viligongana. Tope lilikuwa linapita. Macario hakuwa korongoni siku hiyo, lakini Wenceslao alikuwamo na lori lake. Aliliwasha akatoka, maji meusi yakiwa yameshafika kwenye matairi ya nyuma. Alipofika juu hakuwa na mzaha hata mmoja. Alikaa chini kando ya gari, akaomba maji.

Jioni ndipo simu yangu iliponionyesha tangazo la taasisi. Lilikuwa limeandikwa kabla ya tope kufika. Muda wa kutosha kabisa. Wao walilitoa, lakini mtandao haukuniletea. Ulikuwa unaniletea harusi, mpira na tangazo la sabuni.

Hapo nilishikwa na hofu ya namna nyingine. Simu ikipiga kelele inadanganya. Ikinyamaza pia inadanganya. Sasa nishike lipi?

Mchana kila siku anakuja kwangu Nicolasa, jirani yetu, mwanamke mtu mzima. Yeye husoma matangazo kwenye redio ya parokia. Nilikuwa nimegundua jambo kuhusu yeye. Habari ya yule mwanamke anayelia hakuwahi kuisoma redioni. Ile picha ya moshi hakuitangaza. Tangazo la jana hakulisoma kama la leo. Siku ile ya lori aliliwahi tangazo, alilisoma kabla tope halijafika, ila korongoni hakuna redio, na mimi yangu ilikuwa imekwisha betri.

Nikamwekea tortilya zake, nikamuuliza yeye habari anazipata wapi.

"Hapahapa kwenye simu, mdogo wangu," alisema. "Ila sifuati vilevile unavyofuata wewe."

Aliniuliza kwenye mashine ya kusaga tunapanga vipi mabeseni. Nikamwambia yanapangwa kwenye foleni, aliyetangulia anasagiwa kwanza. Akaniuliza ingekuwaje kama mwenye mashine angemsagia kwanza yule anayepiga kelele zaidi. Nikamwambia ningelala na njaa.

"Basi mtandao wa kijamii ndivyo ulivyo," alisema. "Katikati yako na taasisi kuna mwenye mashine. Yeye ndiye anayechagua uone nini kwanza. Anachagua kinachopendwa, hachagui kipya. Kwa harusi hakuna ubaya. Kwa tope unaweza kufa."

Akaendelea kunieleza taratibu, huku anakula. Taasisi ina tovuti yake, mbali na ukurasa wa kwenye mtandao wa kijamii. Tovuti nyingi za habari zina kitu kinaitwa mlisho. Kila wakiandika taarifa mpya, mlisho unaipokea papo hapo, na kichwa chake na saa yake. Kisha kuna programu ndogo inayoitwa kisoma-milisho. Unaipa anwani ya mlisho mara moja tu. Kuanzia hapo programu inakwenda yenyewe kuchungulia, na ikikuta taarifa mpya inakuletea. Inazipanga kama mabeseni, kwa saa zake, mpya juu na ya zamani chini. Hakuna wa kupenya foleni.

Mama Petronila alikuwa anasikiliza huku ametazama moto. Aliuliza kama hicho kisoma-milisho kinajua kusema uongo.

"Mama, kinaleta maneno ya yule uliyemchagua," alijibu Nicolasa. "Ukichagua mwongo, utaletewa uongo wake, tena kwa wakati."

Mama Petronila akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu siku ya bata mzinga.

Nicolasa aliniambia nifute unga mikononi, nishike simu mwenyewe, kwa sababu akinifanyia yeye nitasahau. Nilipakua kisoma-milisho, cha bure, kisichonitaka hata jina. Kisha nikafungua tovuti ya taasisi. Alinionyesha alama ndogo ya rangi ya chungwa chini ya ukurasa. Ina nukta moja na mistari miwili iliyopinda, kama mawimbi ukitupa jiwe majini. Nikaibonyeza na kuishikilia mpaka simu ikaniuliza kama nataka kunakili anwani. Nikanakili. Nikarudi kwenye kisoma-milisho, nikabonyeza alama ya kujumlisha, nikabandika ile anwani, nikakubali. Taarifa zikajipanga mbele yangu, kila moja na saa yake.

Alisema tovuti nyingine hazionyeshi alama ile. Hapo unanakili anwani ya tovuti yenyewe na kuibandika, na mara nyingi programu inautafuta mlisho peke yake. Ikikosa, huenda tovuti hiyo haina mlisho, basi itabidi uwe unaifungua mwenyewe.

Nikaongeza mlisho wa idara ya hali ya hewa na wa ofisi ya maafa. Nilitaka kuongeza na magazeti, akanizuia. Nikijaza sana, alisema, nitakuwa nimejijengea soko jingine lenye kelele zilezile. Tuweke kwanza yale ambayo nikichelewa kuyajua, mtu anaumia.

Kabla hajaondoka alinishika mkono.

"Sikiliza hili kuliko yote. Programu inachungulia kila baada ya muda, haikai mlangoni. Ukiwa huna bando, haioni kitu. Simu ikiwa inabana chaji, inalala. Kwa hiyo usitazame taarifa tu. Tazama pia mara ya mwisho ilichungulia lini. Kama ni zamani, vuta ukurasa chini kwa kidole uilazimishe. Na ukiona kimya, usiseme pako salama. Sema hujui. Ukisikia korongo kwa masikio yako, tupa simu ukimbie."

Nilianza kufuatilia. Sikumwambia Macario. Nilikumbuka ule upole wake. Kila taarifa ikiingia, naisoma polepole, kidole chini ya neno. Maneno mengine yalikuwa magumu. Nayahifadhi kichwani mpaka Nicolasa aje kula, namuuliza. Kisha natoka uani natazama mlima. Wakiandika kuna mvua kileleni, naangalia kama kilele kimefunikwa. Wakiandika tope dogo limeshuka korongo la ng'ambo, nawauliza madereva wa ng'ambo. Nilitaka kujua kama naweza kuwaamini hawa watu nisiowaona. Siku zikapita. Walichoandika na nilichokiona vilikuwa vinaelewana.

Sikulala vizuri siku hizo. Mtu akijua hatari inakuja lini, haogopi kidogo kuliko asiyejua. Anaogopa kwa macho wazi.

Ikaja siku yenyewe. Mvua ilinyesha mlimani tangu alfajiri. Sisi chini hatukupata hata tone. Asubuhi taarifa iliingia kwamba tope linashuka Ceniza. Wanaume walikuwa bado juu, kila mtu alilisikia. Likapita kwa kishindo, nyumba ikatikisika, vumbi likadondoka kutoka darini. Kisha kukatulia.

Kundi la simu likachangamka. Watu wakatumiana picha za mchanga mpya. Mmoja akaandika kwamba korongo limeshiba, wavivu wabaki kitandani. Macario alishika koleo na kofia. Nilisimama mlangoni nikamwambia angoje kidogo. Akaniambia wenzake wameshateremka, akichelewa atapata mawe. Mama Petronila naye akasema nimwache, limeshapita, marehemu mume wake alifanya hivyohivyo maisha yake yote.

Akaenda.

Nikarudi kwenye kikaango. Tortilya za kwanza niliziunguza. Mama Petronila aliziondoa. Nikaona bora nitazame simu. Juu kabisa ilikuwa taarifa ya asubuhi, ileile. Chini yake hakukuwa na jipya. Moyo ulianza kutulia. Kisha nikakumbuka kutazama mara ya mwisho ilichungulia lini. Ilikuwa asubuhi. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, simu ilikuwa inabana chaji, na programu ililala.

Kimya kile hakikuwa usalama.

Nikavuta kwa kidole. Duara likazunguka, likazunguka, likakata tamaa. Mtandao haukuwapo. Nilijifuta mikono kwenye sketi, nikapanda mbio mpaka uwanja wa mpira, ambako simu hushika vizuri zaidi. Nikavuta tena.

Taarifa mpya ikaingia. Saa nane na robo mchana. Nilitazama saa ya simu. Saa nane na nusu ilikuwa haijafika. Nikaisoma, kidole chini ya neno. Mvua inaendelea kileleni. Tope la pili limeonekana sehemu ya juu ya Ceniza, kubwa kuliko la asubuhi. Watu waondoke korongoni.

Nilifungua na ule ukurasa wa mtandao wa kijamii, kuhakikisha tu. Juu kabisa lilikuwa tangazo la asubuhi, limejaa mioyo.

Nikakimbia ukingoni. Chini wanaume walikuwa wametawanyika, makoleo yenye kofia yamesimama kila upande kama watu wadogo. Lori la Wenceslao lilikuwa katikati, limejaa karibu nusu. Juu yao anga lilikuwa jeupe. Hakuna ambaye angeogopa pale.

Nilimwita Macario. Alitazama juu, akatazama wenzake, nikaona anaona haya kwa ajili yangu. Akanijibu kwamba limeshapita.

"Shemeji," aliita Wenceslao kutoka juu ya lori, "leo yule mama anayelia yuko nchi gani?"

Watu wakacheka. Sikupiga kelele. Nilijua nikipiga kelele nitakuwa kama zile sauti za kwenye kundi. Nikateremka njia ya mbuzi mpaka nikawa karibu nao, miguu ndani ya korongo lile ambalo sikuwahi kulikanyaga. Mchanga ulikuwa bado wa vuguvugu.

"Nasoma," nikasema. "Taasisi yenyewe imeandika, si kundi. Saa nane na robo, leo. Sasa hivi ni saa nane na nusu. Korongo la Ceniza, tope la pili, kubwa kuliko la asubuhi. Macario, njoo usome mwenyewe. Nikikosea, nicheke mpaka nife. Lakini nicheke ukiwa kule juu."

Macario alikuja. Alichukua simu, akasoma midomo ikicheza. Aliisoma saa mara mbili. Kisha akatazama juu, upande wa mlima. Hakukuwa na cha kuona. Lakini alikuwa ameona ile saa.

"Tupande," alisema.

Mmoja akasema korongo limeshakula. Macario hakubishana. Aliacha koleo lake palepale, na kofia juu yake, akaanza kupanda. Mchimbaji kuacha koleo si jambo dogo. Wakatazamana. Mmoja akafuata, kisha mwingine, kisha wote.

Wenceslao akabaki na lori. Aliliwasha, magurudumu yakazunguka bila kusogea, yakajichimbia. Nilimsikia akiita jina la kaka yake, na ile sauti haikuwa ya mtu wa mizaha. Macario na wenzake wawili walirudi. Nilitaka kumshika shati, nikashindwa. Wakapanda juu ya lori na makoleo ya watu, wakaanza kuumwaga chini ule mchanga walioupakia tangu asubuhi. Wanaumwaga na kutazama juu, wanaumwaga na kutazama juu. Mimi nilisimama ukingoni, nyayo zangu zikisikiliza.

Kwanza ilikuja harufu. Udongo mbichi na kiberiti. Kisha ndege wote wa upande ule wakaruka pamoja.

"Acheni," nikaita, "Macario, liacheni lori."

Lori likashtuka, likatoka kwenye shimo lake. Wenceslao alilipandisha njia ya malori huku watu wamening'inia nyuma. Lilipofika juu, ardhi ilikuwa inatetemeka chini yetu. Tope lilizunguka kona ya korongo likiwa na kichwa cha mawe na magogo, kirefu kuliko nyumba. Halikuwa na haraka, na hilo ndilo lililotisha. Liliyachukua makoleo na kofia zake moja baada ya jingine, mahali pa kila mtu, na halikuacha alama kwamba palikuwa na mwenyewe.

Macario alinishika mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo kwetu wanaume hawalifanyi. Mkono wake ulikuwa baridi kama wa mgonjwa. Wenceslao aliegemea lori lake na kutapika.

Tulipofika nyumbani Mama Petronila alikuwa amesimama uani. Alimpapasa mwanawe kichwa, mabega, mikono, kana kwamba anahesabu viungo. Kisha akaniambia, kwa sauti ndogo, kwamba mumewe alifanya hivyohivyo maisha yake yote, na kila siku ya maisha hayo yeye aliogopa, na hakuwahi kumwambia.

Jumapili iliyofuata Nicolasa aliomba chumba cha parokia. Wanawake walikuja na simu zao, wanaume wakasimama mlangoni wakijifanya wanapita tu. Wenceslao aliingia mpaka ndani. Alinipa simu yake akasema, shemeji, niwekee hicho kitu chako, na ukinicheka una haki. Sikumwekea. Nilimwambia ashike mwenyewe, nikamwonyesha alama ya rangi ya chungwa.

Sasa wachimbaji wamekubaliana. Kila siku mmoja wao hateremki korongoni, anabaki uwanja wa mpira wenye mtandao, simu ina chaji na bando, na filimbi shingoni. Anavuta ukurasa kwa kidole tena na tena, hangoji programu iamke. Mchanga wake wanamchimbia wenzake. Kwenye kundi la kijiji, mtu akileta habari ya mlima bila kusema nani kaandika na saa ngapi, anaulizwa hapohapo, na asipojua anaombwa aifute. Na korongo likishakula asubuhi, hakuna anayesema limeshiba.

Juzi filimbi ililia. Taarifa ilikuwa mpya, ya dakika chache tu. Wanaume walipanda wote, wakakaa ukingoni kwenye kivuli chembamba. Niliwapelekea tortilya na maharage. Tulingoja. Juu mlimani mawingu yalikuwa meusi, korongo chini yetu limelala kimya. Tukangoja mpaka jua likaanza kushuka. Tope halikuja. Huenda mvua iligeukia upande wa pili. Siku nzima ya kazi ilikuwa imepotea.

Nilikusanya sahani nikingoja mtu aniite mkimbizi. Nilimtazama Wenceslao. Alikuwa analamba pilipili kwenye kidole, macho yakiwa korongoni.

"Imeingia nyingine?" aliuliza.

Nikavuta kwa kidole. Nikamwambia bado.

"Basi tukae kidogo," alisema, na wote wakakaa.